Neno la Siri la Daktari Feliksi

Skolastika alikuwa mwalimu wa chekechea Buzebazeba, na watoto wengi wa mtaa ule ndiye aliyewafundisha kushika kalamu. Mwaka jana alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Usingizi ukamkimbia, chakula hakipiti. Akaenda hospitali moja binafsi ya mjini, akapewa dawa za sonona na Daktari Feliksi, akapata nafuu. Zaidi ya mumewe, Gervasi, hakumwambia mtu.

Jumatatu moja wazazi wakaanza kuwatoa watoto shuleni. Mama Happiness peke yake ndiye aliyesema wazi.

"Utusamehe, mwalimu. Tumesikia unatumia dawa za vichaa."

"Mmesikia kwa nani?"

"Kwa yule dada wa mapokezi hospitalini. Kaona kwenye kompyuta."

Skolastika akapanda bodaboda mikono ikiwa bado na chaki. Aliingia kwa meneja wa hospitali, Polycarp, bila hodi.

"Nani kafungua faili langu?"

Polycarp akatazama mfumo. "Ni Daktari Feliksi mwenyewe. Alhamisi mchana."

Daktari akaitwa. "Alhamisi? Nilikuwa Kasulu, msibani!"

Polycarp akajikuna shingo. Ikabidi aseme: neno la siri la daktari lilitumiwa na hospitali nzima, maana kumtengenezea kila mtu la kwake kulionekana usumbufu.

"Lilirahisisha kazi, mama."

"Kazi ya nani?" Sauti yake ilifika hadi kwa wagonjwa kwenye foleni. "Mmenivua nguo mbele ya mji mzima, unaniambia kazi! Na wewe daktari, nilikueleza mambo ya mwanangu ambayo hata mama yangu mzazi hayajui. Nilikueleza wewe, sikuieleza hospitali!"

"Samahani, mwalimu."

"Kamwambie Mama Happiness hiyo samahani."

Wiki ile yule dada wa mapokezi alifukuzwa. Skolastika alipopata habari, hasira ikazidi. "Mlango wameuacha wazi wao, wanamfukuza aliyechungulia," alimwambia Gervasi. Akapeleka malalamiko kwenye tume ya taarifa binafsi, na bado anayafuatilia. Hospitalini sasa kila mfanyakazi ana neno lake la siri.

Watoto wachache wamerudi. Wa Mama Happiness hakurudi.

Dawa zilipokwisha, Gervasi alimbembeleza mpaka akakubali kwenda kituo kingine, Rusimbi. Daktari akamkaribisha kiti, akavuta kibodi.

"Haya mama, nieleze."

"Zima kwanza hiyo kompyuta," alisema Skolastika, na hakukaa.