Utepe Usiokatwa wa Rohaya

Kwa jina la Mola aliyeumba vitu viwili viwili, akakipa kila kimoja mwenzake, twaanza. Na rehema zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba.

Watu wa habari hii ni watatu. Wa kwanza ni Rohaya binti Mat Isa, mchoraji wa bodi za umeme, ambaye baada ya wiki tatu atatimiza miaka sitini na kustaafu. Wa pili ni Saw Chee Keong, mhandisi aliyefanya naye kazi kwa miaka kumi na minne. Wa tatu ni Kak Sabariah, yaani Dada Sabariah, mwalimu wa Rohaya, anayeishi Balik Pulau, na macho yake hayaoni tena.

Saa mbili asubuhi, Bayan Lepas, kisiwani Penang. Rohaya ameinamia bodi isiyozidi ukubwa wa kiberiti, lenzi jichoni, chai yake ya maziwa imepoa. Hii ni bodi ya tatu. Mbili za kwanza zilishindwa, na mwenye kampuni amekwisha kutamka: ikishindwa na hii, kazi itahamishwa na chumba hiki kitafungwa.

"Kak Roha, ukiikodolea hivyo itaona haya," Keong anamtania.

"Afadhali ione haya yenyewe kuliko mimi mbele ya bosi."

Mteja anataka tundu moja tu: leo lipokee picha ya kamera, kesho liitoe kwenda kwenye skrini. Nafasi ya njia mbili haipo. Kwa hiyo chipu inayopokea na chipu inayotuma hutumia jozi moja ya njia za shaba, zinazokwenda sambamba kama pacha. Kinachopanda katika hii hushuka katika ile. Kelele ikizipiga zote sawasawa, hufutika.

Katika bodi zilizoshindwa, picha iliingia safi, lakini ilipotolewa ilikatikakatika. Jozi ilikuwa imegawanyika panda, tawi moja kwa kila chipu. Mawimbi yaliingia tawi lisilotumika, yakagonga mwisho, yakarudi kuyavuruga mengine.

"Milimita tatu tu!" Rohaya anasema. "Kwa mwendo ule, milimita tatu ni kichochoro kirefu."

Dawa hakuipata kwenye kompyuta. Aliipata kwenye kumbukumbu.

Miaka arobaini na moja iliyopita, kwa ujira wa ringgit nane kwa siku, alibandika utepe mweusi juu ya karatasi angavu iliyomulikwa kutoka chini. Njia zote zilichorwa hivyo, kwa vidole. Wasichana sita walizunguka meza ile, wakicheka, nasi lemak, wali wa nazi, ikinukia ndani ya majani ya mgomba. Rohaya akiukumbuka mwanga ule usoni mwa wenzake, sauti yake hupungua.

"Kak Sabariah alikuwa mkali," anasema. "Ukishika mkasi tu, utamsikia: 'We Roha! Utepe huo umetoka ng'ambo, si kamba ya mbuzi! Pitisha juu ya kituo cha kwanza, nenda mpaka cha pili, ndipo ukate.'"

Kompyuta haina utepe wa kuisha. Ndiyo maana, asema, walichepusha njia bila kufikiri.

Keong alipoambiwa jozi ipite juu ya miguu ya chipu inayopokea na kuishia kwenye inayotuma, aliguna. "Kak, hayo ni mambo ya enzi za babu."

"Basi tumwombe babu picha safi."

Sasa Keong anaiwasha bodi. Picha inaingia, safi. Anageuza mwelekeo, chipu ya kupokea inanyamaza, ile nyingine inatuma. Mistari ya rangi inatokea kwenye skrini. Dakika kumi. Ishirini. Haitikisiki.

"Aiyo, Kak," Keong ananong'ona. "Babu kashinda."

Rohaya anavua lenzi, anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Jumamosi atapeleka bodi moja Balik Pulau, kwa Kak Sabariah. "Hataiona," anasema, "lakini nitakishika kidole chake, nikipitishe kutoka tunduni mpaka mwisho, ajue kwamba sikukata."

Mola amjaalie amkute mzima, na awabariki watakaobaki katika chumba kile: awape macho makali, mikono mitulivu, na mwalimu wa kumkumbuka. Amin.