Dawa Iliyotoka Bujumbura

Mukandekezi alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, mama mwenye maneno mengi na mkono mwepesi. Mwaka 1992 tumbo lake lilianza kufura. Majirani wakamtania kuwa ana mimba ya uzeeni, naye akawajibu, "Basi baba yake ni ugali!" Tumbo lilipozidi kukaza, akaenda hospitali.

Walimpasua, wakamtoa uvimbe kwenye ovari. Ilikuwa saratani, na masalia yake yalikuwa yametapakaa tumboni.

Mumewe Swedi, muuza mishikaki, hakuwa mtu wa kulia hadharani. Alipanda gari hadi Bujumbura kwa nduguye, akarudi na dawa imefungwa kwenye barafu. Alipofika wodini, Daktari Gasana akamwomba asubiri kidogo. Daktari alikuwa amempelekea mwalimu wake wa zamani, huko Ubelgiji, kipande cha ule uvimbe, kipakwe rangi na kutazamwa alama za chembe zake.

"Alama za nini tena, Daktari? Si tunajua ni saratani?"

"Hilo tunajua, mzee. Hatujui itasikia dawa gani. Kuna chembe zenye kitu kama pampu kwenye utando wake. Dawa ikiingia, zinaisukuma nje."

Majibu yalikuja kwa simu. Alama ya pampu hiyo ilikuwepo, tena tele. Dawa ya Bujumbura huenda isifue dafu. Ilikuwepo nyingine ambayo pampu ile haiwezi kuitoa, ila inatapisha vibaya sana.

Swedi akafoka. "Huenda! Nimekwenda hadi Burundi, leo naambiwa huenda!"

"Ni utabiri," Gasana akakiri. "Hata wao bado wanachunguza. Siwezi kukuapia."

Mukandekezi akajiinua kitandani. Akamgeukia mumewe.

"Baba Zuhura, anayetapika ni mimi. Kama nitateseka, niteseke na ile yenye matumaini. Wewe kasirika utakavyo, lakini kesho niletee uji."

Akaletewa. Dawa ilimkong'ota kwelikweli. Kuna siku hata maji hayakukaa. Swedi alimshikia beseni, akamfuta mdomo, akasahau hasira zake. Duru ya tatu ya dawa ilipokwisha, tumbo lilikuwa limenywea, na Gasana alipombonyeza hakugusa kigumu.

Ile ya Bujumbura haikutupwa. Kwenye kitanda cha jirani alilala Épiphanie, mwenye saratani ya titi, na daktari akasema kwake itafaa. Swedi akamkabidhi mwenyewe, akiona haya kama kijana anayeposa.

"Mungu akuzidishie, mzee," Épiphanie akasema, akaishika mikono yake asiiachie.

Mwaka uliofuata, Mukandekezi aliendelea kwenda kupimwa, kila mara roho mkononi, na kila mara akarudi salama. Idi ilipokaribia, kibaraza chake kilijaa vitenge vya wateja. Alikuwa akibishana na Christella, bi harusi mtarajiwa aliyetaka mikono mifupi.

"Mikono mifupi uvae sokoni," alimwambia, huku akimpima bega. "Kaa wima, binti yangu."