Gauni Nililofumua Mwilini mwa Shiru

Mtu asiniambie niliota. Aliyelala haamki na alama ya meno ya mtu chini ya kidole gumba, na mimi niko nayo mpaka leo. Kama umekuja kutafuta hadithi ya kulaza watoto, nenda kwingine. Hii ilinipata mimi, Kitengela, giza likianza kuingia, watu wamejaa barabarani wakirudi makwao. Na kama ulikuwa mmoja wa wale walionishika mikono jioni hiyo, soma mpaka mwisho. Sura yako naijua.

Ilikuwa ile miaka ya kwanza ya elfu mbili, Kitengela ikiwa bado mbuga yenye mabati. Unaamka asubuhi kwenda choo, unakuta pundamilia anakuangalia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikampata binti yangu Shiru, halafu nikaolewa na Baba Shiru. Kwa mpangilio huo huo, na sikuuliza maoni ya mtu.

Nilikuwa na kibanda nyuma ya soko, na cherehani ya miguu. Upande wangu wa kushoto alikaa Mama Mutua, Mkamba, akiuza viatu vya mtumba. Mbele yetu, kwenye jiwe, aliketi Naserian na mitungi yake ya maziwa. Kazi yangu ilikuwa kugeuza mtumba. Unajua zile nguo kubwa zinazobaki chini ya bale la mtumba kwa sababu hakuna Mkenya wa kuzijaza? Hizo ndizo zilizokuwa zikinilisha. Suruali ya mzungu mnene inatoa sketi mbili za shule. Shati la mwanaume linatoa gauni la mtoto, na kola inabaki kola. Hakuna uchawi. Fumua, piga pasi, kata, shona. Shiru alikuwa na miaka minne na alikuwa akivaa vizuri kuliko watoto wa mwenye ploti tuliyopanga.

Basi Julai moja, baridi ile ya kukata masikio, akaja mwanamke amebeba koti la kijani mkononi. Koti la sufu, zito, la mtu mzima. Akanisalimia kwa Kikikuyu, "Wimwega," kama mtu wa kwetu Murang'a kabisa, hata ile kuvuta maneno ya kule. Nikafurahi. Ugenini, mtu akikuongelesha lugha ya mama yako, si unafungua mlango wote? Aliniambia anatoka Kajiado, anataka koti ligeuzwe gauni la binti yake, la kwenda kanisa.

"Mtoto yuko wapi nimpime?" nikamuuliza.

"Nimemwacha nyumbani. Lakini ni saizi ya huyu wako. Pima huyu."

Shiru alikuwa chini ya meza akicheza na vifungo. Nikamwita, nikampima. Fundi yeyote wa watoto anafanya hivyo kila wiki. Mteja hana mtoto wake karibu, unapima aliye karibu. Kuna ubaya gani?

Usiku huo nikalifumua koti. Sasa sikiliza, hasa wewe unayeshona. Sufu haisahau sindano. Ukitoa uzi, yale matundu yanabaki, na ukiinua kitambaa kwenye taa unaona mshono wa zamani ulipopita. Niliinua lile koti kwenye taa nikaona shingo. Shingo ndogo, ya mtoto. Pembeni yake nyingine, ndogo zaidi. Halafu makwapa, viuno, mistari ya magauni imepitana, gauni juu ya gauni. Na kitambaa chenyewe ni kizima! Hakuna pahali kimewahi kukatwa. Niambie, inawezekanaje? Koti linakuwa gauni. Gauni haliwi koti. Ukishakata, umekata.

Nikasema wazungu na mambo yao, nikaingiza mkasi.

Nitasema ukweli, lilikuwa gauni zuri kuliko yote niliyowahi kushona. Marinda mbele, kola ndogo ya duara, bitana ya hariri ndani. Mgongoni niliacha wazi pahali pa zipu.

Mwanamke akarudi jioni ya pili. Sasa hapa ndipo watu hubishana na mimi, kwa hivyo nitaenda polepole. Alimsalimia Naserian kwanza. "Takwenya," akamwambia, na Naserian akajibu, "Iko," wakaongea Kimaasai wakicheka. Akapita kwa Mama Mutua, wakaongea Kikamba. Nikajiambia, mama huyu amesoma dunia. Akaingia kwangu.

"Mvalishe wako tuone."

Nikamvalisha Shiru. Lilimkaa utadhani amezaliwa nalo.

"Bado zipu," nikasema. "Naitia saa hii."

"Usitie zipu. Shona tu hapo nyuma, akiwa ndani."

"Na akitaka kuvua?"

"Kwani nani amekwambia atavua?"

Akacheka. Na mimi nikacheka, maana wateja wana mizaha yao. Mama Mutua akapaza sauti kutoka kwake, "Mama Shiru! Nguo haishonwi mtu akiwa ameivaa! Mamangu alikuwa anasema hiyo ni ya maiti!"

"Uza viatu, Mama Mutua," nikamjibu. Nilidhani ni kushikilia tu, mishono michache, mama aone inavyokaa, kisha nitoe. Nikashona. Nikakata uzi kwa meno.

Shiru akanyamaza. Unamjua mtoto wa miaka minne? Hanyamazi. Nikamwambia, "Geuka, mami wako akuone." Akageuka, akaniangalia vile unavyomwangalia mtu usiyemjua amekaa kwenye kiti chako. Kisha akamshika yule mwanamke mkono.

"Mum, twende," akamwambia. Yeye. Siyo mimi.

"Asante fundi," mwanamke akasema, na wakaanza kutoka.

Mimi sikupiga magoti kuomba. Watu wa maombi wataniwia radhi. Nilimrukia. Nilishika kilemba chake nikamvuta chini mpaka tukaanguka juu ya viatu vya Mama Mutua, na nikampiga ngumi ya kwanza mdomoni. Amini usiamini, haikugonga mfupa. Ilizama kama umepiga bale la nguo. Nikampiga tena. Akanishika shingo kwa mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa na nguvu ya ng'ombe. Nikapapasa nyuma yangu, mlangoni pa kibanda, nikashika pasi yangu ya makaa iliyokuwa bado imewaka, nikamkandamiza nayo shavuni kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu.

Mtu angepiga mayowe. Huyu hakupiga. Harufu iliyotoka ilikuwa ya sufu iliyolowa, ile harufu ninayoijua kila siku ya kazi. Nilipoinua pasi, shavu halikuungua. Lilikuwa limenyooka. Mikunjo yote imeisha, limelala bapa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Hapo ndipo aliponiuma chini ya kidole gumba, meno yakaenda mpaka ndani.

Nikamwachia, nikamwendea Shiru na mkasi. Nilijua kitu kimoja tu: lile gauni litoke. Nikaingiza mkasi chini ya kwapa nikabana, na Shiru akalia, na damu ikatoka. Bitana ilikuwa imeshika ngozi. Mshono wangu mwenyewe, nilioushona kwa mkono wangu, ulikuwa umepita ndani ya mwanangu.

Wewe ungefanya nini? Ungeacha? Nilikata.

Na hapo watu wakafika. Waliona nini? Waliona mwanamke amejaa damu, amemlalia mtoto chini, anamkata na mkasi. Yule mwingine alikuwa amesimama, kilemba amekirudisha kichwani, analia kwa adabu. "Mtoto wangu! Mnisaidie, huyu ni mwendawazimu, anamwua mtoto wangu!" Mimi nilimsikia kwa Kikikuyu. Mama Mutua anaapa kwa jina la mwanawe kwamba alisema kwa Kikamba. Naserian anasema ni Kimaasai, cha kwao Kimuka kabisa. Kila mtu alisikia dada yake analia.

Walinipiga. Walinipiga vizuri. Mtu alinipiga mgongoni na kiti changu mwenyewe. Mkasi ulitoka mkononi, mwanaume mmoja akaukanyaga pamoja na vidole vyangu, viwili vikavunjika. Mama Mutua, niliyekuwa nakunywa chai naye kila asubuhi, alinivuta nywele akilia, "Mama Shiru, wacha mtoto wa wenyewe!" Mtoto wa wenyewe! Yeye aliyenisaidia kumwogesha Shiru siku niliyotoka hospitali naye.

Nikawa sina mkasi, sina mikono. Nikabaki na meno. Nikamwangukia Shiru kwa mwili wote wapige mgongo, nikatafuta kwa ulimi pale mgongoni nilipofungia uzi, nikapata fundo, nikaling'ata, nikavuta kichwa nyuma. Uzi ulitoka mrefu, na ulitoka na ngozi. Shiru alipiga mayowe ambayo sijawahi kusikia tena, na sitaki.

Halafu akasema, "Mami, unaniumiza!"

Mami. Mimi.

Gauni likafunguka, nikalivua, nikalitupa. Watu wakasimama kama waliomwagiwa maji. Mama Mutua akaniachia nywele, akamwangalia Shiru, akajishika mdomo. Yule mwanamke akainama, akaokota gauni, akalikung'uta vumbi. Akaliinua kuangalia nilipokata. Kisha akaniangalia, uso umekunjamana upande mmoja na upande mwingine umenyooka.

"Umeniharibia kitambaa," akasema, kama mteja yeyote. Akalikunja akaondoka, akapita katikati ya watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Wanaume wazima! Wanaojua kushika mwanamke aliyelala chini.

Walipoanza kuulizana alikuwa mtu gani, wakapigana tena wenyewe kwa wenyewe. Mama Mutua alisema ni mfupi na ana mwanya. Naserian alisema ni mrefu, masikio yametobolewa. Mimi nilimwona mnene, mwenye sura ya shangazi yangu.

Unadhani waliniomba msamaha? Kesho yake habari iliyozunguka ilikuwa ni ya mama aliyetaka kumchinja mtoto wake. Baba Shiru aliisikia huko kazini kabla hajaisikia kwangu, na aliposikia kwangu aliamini ya huko. Mama yake akaja kutoka Gataka, akamchukua Shiru "mpaka upone kichwa," na Baba Shiru akaondoka nao. Nilienda kwake kila Jumapili nikasimama kwenye geti nikipiga kelele mpaka akachoka na aibu ya majirani, akanirudishia mtoto wangu. Baba Shiru sikumdai. Abaki huko.

Shiru sasa ni msichana mkubwa. Ana alama mgongoni na ubavuni, vidoti viwili viwili vimepangana, mshono wangu kabisa, ningeujua popote. Hanichukii. Lakini hakumbuki lolote, na wakati mwingine ananiuliza kwa nini mimi sina rafiki hata mmoja.

Miaka miwili baada ya jioni ile ya koti, mteja akaniambia Kajiado kuna fundi aliyepoteza binti yake kwa sababu ya koti fulani. Siku hiyo hiyo nikafunga kibanda nikaenda. Nikamkuta ng'ambo ya reli, wanamwita Mama Purity, amekaa mbele ya mlango bila kazi mkononi. Cherehani iko ndani imefunikwa gunia. Sikuketi. Nikamuuliza, koti lilikuwa la kijani? Akaitikia kwa kichwa. Kwa mwaka alioutaja, ilikuwa mwaka mmoja kabla yangu.

Nikamzaba kofi. Ndiyo, nilimpiga, mama aliyepotelewa na mtoto, sikujizuia. "Ulijua na ukanyamaza!" nikamwambia. "Ukanyamaza mpaka akaja kwangu!"

Hakujishika hata shavu. "Sikunyamaza," akasema. "Nilipiga kelele. Nilimkamata Purity, nikalikata gauni nusu kwa kisu. Watu wakanifunga kwa kamba, dadangu. Hapo kwenye nguzo. Nikiona. Wakamwosha Purity damu, wakampatia yule mama mkononi, wakamwambia pole, nenda na mtoto wako salama. Pasta wangu ndiye aliyewasindikiza mpaka barabarani."

Nikakaa chini kwenye vumbi karibu naye.

Kwa hivyo mafundi, mmesikia: usimvalishe mtoto wako nguo ya mteja, na usishone nguo mwilini hata kwa utani. Lakini si hayo yaliyonifanya niandike. Nimewaandikia nyinyi wengine mnaopenda kukimbilia kelele. Siku utakapomkuta mama amepagawa, ana damu, anamkata mtoto nguo mwilini, na pembeni kuna mwingine analia kwa adabu kwa lugha ya nyumbani kwenu, usimguse huyo wa chini. Mwulize mtoto jina lake, halafu mwulize yule anayelia mtoto wake anaitwa nani. Mimi hakuna aliyeuliza. Mama Purity hakuna aliyeuliza. Kumwuliza mtu jina la mtoto wake kungewachukua muda gani?