Krimu Niliyobadilisha Wiki ya Mahari

Aibu hii nimeificha tangu miaka ya tisini, na hata leo nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke. Jumamosi ile mchumba wangu Kariuki na watu wao walikuwa waje kwetu Kimbo, Ruiru, kuleta mahari, na mimi, Jumatano, nikiwa na ngozi laini isiyonidai chochote, nikaamua kubadilisha krimu.

Kosa ni langu, ingawa Wambui, rafiki yangu mwenye kibanda cha vipodozi Thika, ndiye aliyeniambia, "Hiyo glisarini ngozi yako imeshaizoea. Badilisha sasa, Jumamosi ung'are." Alhamisi uso ukawaka moto. "Ni krimu inafanya kazi," akasema, basi nikaongeza (eti kazi iende haraka). Ijumaa nikaanza kubambuka, na Jumamosi asubuhi macho yalikuwa mistari miwili tu kwenye andazi.

Nikamlilia tata, dada yake baba. "Tata, tuahirishe."

"Tuahirishe na mbuzi ziko kwa mlango? Si utafunikwa leso? Nani atakuona?"

Nikapumua. Kwetu bibi arusi hufunikwa gubigubi pamoja na wasichana wengine, mwanamume amchague wake bila kumwona, na akikosea anatozwa faini. Kariuki alikuwa ameniapia kwamba atanijua hata gizani.

Na alinijua. Alitupita mmoja mmoja, akasimama mbele yangu (nadhani ni vile nilivyokuwa nikitetemeka), akatangaza, "Wangu ni huyu!" Vigelegele vikapaa, nami chini ya leso nikatabasamu kwa midomo iliyopasuka. Akanifunua.

Akanikodolea macho. Kisha akainama kwa heshima zote. "Pole sana, mama," akasema, akanifunika tena taratibu, kama mtu anayerudisha kifuniko cha sufuria ya wenyewe, akaenda kumshika mkono binamu yangu aliyefunikwa kando yangu.

"Kariuki, ni mimi!"

"Wewe nani?"

Boma zima likaangua kicheko, wazee wakaitisha mbuzi wa faini, na mama yake Kariuki, maskini, akauliza kwa sauti ya chini kama ugonjwa huo ni wa ukoo.

Tulioana, ndiyo. Lakini tangu siku hiyo krimu mpya haigusi uso wangu wiki yenye wageni wala sherehe. Huanza nyuma ya sikio, katika mwezi mtulivu, ile ya zamani ikiwa bado ipo. Hata hivyo, Kariuki akiona chupa ngeni dirishani hunipa mkono: "Habari yako, mama. Mwenye nyumba yuko?" Nami hucheka, nikiwa nimegeukia ukuta.