Hakuitengeneza

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika make ubaoni, akasema ni kitenzi kidogo kinachofanyishwa kazi kama punda wa maji. Waingereza wana-make chai. Wana-make kelele, pesa, makosa, hata kitanda. Nikainua mkono. "Mwalimu, hao wanaotengeneza kelele, kiwanda chao kiko wapi?" Darasa likavunjika mbavu. Mimi nikatolewa nje kupiga magoti kwenye kokoto, na kiwanda kikafungwa siku hiyo hiyo.

Lakini nilikuwa nimepata mali ya kumpelekea susu. Susu ni nyanya yangu, na kwa vichekesho vyangu hakuna mteja kama yeye. Kiingereza hajui hata kidogo. Kila jioni nikitoka shule, nikimaliza kupanda huo mlima wetu wa Mbooni, nilikuwa namgeuzia maneno kwa Kikamba vile vile yalivyo, bila huruma: leo mwalimu ametengeneza uso, leo fulani ametengeneza kosa. Anacheka mpaka anashikilia ukuta wa jikoni.

"Ati uso unatengenezwa? Na huu wako fundi aliishiwa na misumari?"

Umau, babu yangu, alikuwa hacheki. "Huyu tunamlipia karo akajifunze ujinga."

Susu anamrukia: "Afadhali yeye anatengeneza hata maneno. Wewe, ule mlango wa kuku?"

Mlango wa kibanda cha kuku ulikuwa unaning'inia kwa bawaba moja tangu niko shule ya msingi. Susu alikuwa anaufunga kwa kamba ya katani. Na umau alikuwa na jibu moja tu: "Nitatengeneza." Analisema, anaendelea na chai yake.

Halafu kifua kikambana. Siku alipozidiwa tulimpandisha boda boda, baba mdogo nyuma yake amemkumbatia kama gunia la maparachichi linalotaka kumwagika. Kabla pikipiki haijaanza kushuka, umau aligeuza shingo. Pumzi yenyewe alikuwa anaitafuta.

"Huo mlango. Nikirudi nitautengeneza."

"Rudi kwanza," susu akamwambia. "Mdomo utakuja baadaye."

Jumamosi iliyofuata susu alikuwa amekaa nje na ungo, anachagua maharagwe. Simu ya nyumbani nilikuwa nayo mimi, kwa sababu susu akiishika anapigia watu asiowajua. Ujumbe ukaingia kutoka kwa baba mdogo. Dad didn't make it.

Baba mdogo hata ng'ombe humtukana kwa Kikamba. Sijawahi kumsikia na Kiingereza nyumbani. Lakini hilo jambo hakuweza kulishika kwa lugha yetu. Alichukua Kiingereza kama mtu anavyochukua kitambaa kuondoa sufuria motoni, akanikabidhi sufuria, na mimi sikuwa na kitambaa.

"Ni nani huyo?"

"Baba mdogo."

"Anasemaje? Umau ameamka?"

Nilielewa nilichosoma: umau hatarudi. Nataka hilo lijulikane. Nilitafuta Kikamba chake kikakosekana, na huu mdomo ukafanya kazi uliyozoea.

"Anasema umau hakuitengeneza."

Susu akarusha kichwa nyuma akacheka. "Aiya! Si hata mimi ningekuambia, bila kununua simu! Yuko hospitali na bado anatuma watu waseme hajatengeneza mlango!" Akapangusa macho kwa pindo la leso. "Haya, malizia."

Alikuwa anangoja nusu ya pili. Vichekesho vyangu vina nusu ya pili, yeye anajua. Nikasimama hapo na simu. Yeye bado anatabasamu, akiniangalia koo, akiangalia mikono.

"Wewe mtoto. Usinichezee."

"Sichezi, susu."

Ungo ukateleza magotini. Maharagwe yakamwagika yote na hakuna aliyeinama.

Baada ya mazishi, mzee mmoja wa kanisa, seremala, aliuona ule mlango akaenda kuchukua nyundo. Susu akasimama mbele yake. "Wachana nao. Una mwenyewe." Wiki iliyofuata nikajaribu mimi, akaninyang'anya misumari.

Nguchiro ameshajua njia. Tetea wote wamekwisha, amebaki jogoo mmoja mzee ambaye nadhani hata nguchiro anamwonea kinyaa. Darasani tumefika kwa kitenzi take. Wenzangu wananigeukia wakingoja, nami naangalia dawati. Nyumbani sibebi neno, na susu haulizi. Jioni anatoka na ile kamba ya katani, anafunga mlango fundo lile lile, anauvuta kidogo kuona kama umeshika. Haujashika. Anaingia ndani, na mimi namfuata.