Sikio Chini ya Kitambaa

Kwa miaka thelathini wake za watu wa mtaa wa Nateete walimpelekea Bi Ruqayya siri zao, na hakuna neno lililovuka kizingiti chake. Kisha mume wa mmoja wao, Hindu, akajua kwamba mkewe alikuwa akizuia mimba kwa kificho. Hindu alikuwa amemwambia Bi Ruqayya peke yake. Alirudishwa kwao, na wanawake wote wakamsusa bibi huyo.

Mimi kazi yangu ni kuwasaidia wazee kutumia vifaa vya nyumbani vinavyoamriwa kwa sauti. Aliniita.

"Wewe msomi, niambie. Mimi sikusema. Nani kasema?"

Kwenye rafu kulikuwa na spika inayojibu maswali, zawadi ya Farouk, mtoto wa kaka yake na swahiba wa mume wa Hindu. Bi Ruqayya alikuwa ameivika kitambaa cha kufuma, kama alivyovivika televisheni, redio na viti vyote. Nilikiondoa, nikamwambia aiulize nani ana ruhusa ya kusikiliza humu.

"Farouk," ikajibu.

Kwa simu yake aliweza kusikiliza sebule ile apendapo. Kila alipofanya hivyo taa ya kijani iliwaka, lakini chini ya kitambaa nani angeiona? Nilitaka kumwondoa kwenye spika papo hapo. Bi Ruqayya akanishika mkono.

"Ngoja, mwanangu. Nyoka hapigwi akiwa shimoni."

Alhamisi alasiri, saa ya vikao vyake vya zamani, aliwaita wanawake wale wale, Hindu akiwemo. Walikuja kwa udaku zaidi kuliko mapenzi. Taa ilipowaka, akapaza sauti:

"Nyumba hii namwandikia Wasim. Farouk hapati hata kijiko!"

Akafunga mlango kwa ufunguo, akamimina chai. Hakuna aliyetoka, hakuna aliyegusa simu. Chai haijaisha vikombeni, bodaboda ikafunga breki nje. Alipofunguliwa, Farouk aliingia bila hata salamu.

"Shangazi! Nyumba umpe Wasim? Mdogo wangu, yule mvivu?"

"Nani kakwambia?"

Macho ya Farouk yakaenda kwenye spika. Hindu akasimama.

"Endelea. Mume wangu ulimwambia kwa sauti hiyo hiyo?"

"Mwanamume mzima, kazi kusikiliza vikao vya wanawake!" mmoja akadakia. "Mnunulieni gauni la gomesi, ajiunge nasi!"

Walicheka mpaka Farouk akapiga magoti. "Shangazi, nisamehe."

"Magoti yageuzie kwa Hindu."

Farouk akiwa bado chini, Bi Ruqayya akaiamuru spika, neno moja moja, kama nilivyomfundisha: "Mwondoe Farouk."

"Farouk ameondolewa."

"Sikusikia vizuri. Rudia."

Ikarudia.

Jumatatu aliniomba nimsindikize kwa wakili, kule Nakasero. Huko, hati ya nyumba ikiwa mezani, nikamkumbusha kwamba habari ya Wasim ilikuwa mtego tu.

"Nimeisema mbele ya watu," akajibu, akifungua kalamu. "Niitwe mwongo kwa ajili ya Farouk?"

Akatia sahihi.