Mafundo Saba Meupe

Mimi nikiwa mtoto wa miaka kumi hivi, miaka ya sitini, huko kwetu karibu na Kasikeu, hakuna msichana aliyenishinda kusuka kiondo. Usinune, nasema ukweli. Shule niliishia darasa la tano, lakini vidole vyangu vilikuwa na hesabu ambayo hata mwalimu wetu hakuwa nayo.

Nyanya yangu, ambaye tulimwita Susu, alikuwa na miiko yake ya kiondo, na mkali kuliko yote ulihusu saba. Kwa wazee wetu Wakamba saba ilikuwa hesabu chafu. Mafundo saba ya rangi moja yasishikane kwenye mstari mmoja. Na usihesabu kwa sauti.

"Ukiihesabu unaiita," alisema. "Na ikija, kitu kitaharibika kwa hii boma."

Sasa mimi na utundu wangu nikabuni pambo. Kwenye kiondo cha rangi ya udongo nilianza na fundo moja jeusi, kisha nikapanua pembetatu kwenda juu. Kanuni yangu ilikuwa rahisi: kila fundo jipya linakaa juu ya mawili. Yale mawili yakifanana rangi, weka jeupe. Yakitofautiana, weka jeusi. Pembeni, jeusi siku zote. Basi, pambo linajisuka lenyewe! Mstari wa kwanza, jeusi moja. Wa pili, mawili. Wa nne, meusi manne yameshikana. Wa nane, manane. Moja, mbili, nne, nane. Saba imerukwa kama dimbwi la matope.

"Susu, njoo uone," nikajigamba. "Nimeifungia saba nje. Haiingii hapa hata ikipiga magoti."

"Funga huo mdomo," akasema bila kuinua kichwa. "Nani amekutuma kuhesabu?"

Kanini akacheka chini chini. Huyu alikuwa binamu yangu, mama yake amekufa, analelewa kwetu. Alikuwa ameketi kando yangu akisokota katani.

Nikasuka mstari wa tisa. Chini yake kulikuwa na meusi manane, yote yanafanana, kwa hivyo juu yake yakawa meupe tu. Nikahesabu kimoyomoyo. Saba. Meupe saba yameshikana, jeusi moja huku na jeusi moja kule. Nilikuwa nimekodolea macho meusi, saba yenyewe ikapitia kwa meupe. Ningefumua, lakini yule aliyejigamba atafumua mbele ya nani? Nikatupa kiondo juu ya rundo la katani, nikaenda kuchota maji.

Kesho yake asubuhi ng'ombe wa Susu akatupa mimba. Susu akaenda moja kwa moja kwa kile kiondo, akapitisha kidole kwenye mstari wa juu.

"Nani amesuka hii?"

Nilijua kinachomngoja mwenye kosa, maana niliwahi kuona jirani akifanyiwa. Anaitwa mzee wa tiba. Mbuzi anachinjwa, tumbo linapasuliwa, na yale majani yaliyosagika humo ndani, mabichi, yenye uvundo, yanachanganywa na dawa. Unapakwa uso mzima. Halafu unameza.

"Ni Kanini," nikasema.

Kanini akaniangalia.

Yule mzee alikuja na kucha ndefu za manjano, akatema mate ndani ya ule uji wa kijani, akaukoroga kwa kidole kilekile alichotoka kupengea kamasi. Mama yangu, mwimbaji wa kanisa kila Jumapili, ndiye aliyeshika kichwa cha Kanini kisigeuke. "Meza, mwanangu. Meza tu iishe." Kanini akameza, akatapika, akarudishiwa kilekile. Nzi walimjaa mdomoni. Mzee akalamba mafuta ya mbuzi kwenye vidole na kuuliza paja lake la malipo liko wapi. Mimi nilisimama mlangoni nimeziba pua.

Baadaye nilisuka pambo lile hadi juu, nikaielewa kazi yangu mwenyewe. Meupe yalianza moja, yakaja matatu, yakaja saba, yakaja kumi na tano. Kila mara maradufu na moja zaidi. Saba ingekuja hata kama boma letu lisingekuwa na ng'ombe. Na yule ng'ombe, kiangazi kile, alikuwa mbavu tupu akitafuna magunia.

Mwaka juzi nilimkuta Kanini sokoni Kibwezi, amepanga nyanya zake. Tukacheka, tukaulizana watoto. Mwishowe nikajikaza.

"Kanini, ule mstari wa kiondo..."

"Ulikuwa wako," akasema. "Si nilikuwa nimekaa hapo?"

"Mbona hukusema?"

Akafuta nyanya moja kwa leso, akairudisha juu ya fungu. "Ningemwambia nani? Wewe ndiye ulikuwa mtoto wa hiyo nyumba."

Miaka yote hiyo nikisimulia kisa hiki, watu hushika tumbo kwa kichefuchefu ninapofika kwa kucha za yule mzee, nami huongeza chumvi hapo. Pale sokoni ndipo nilipojua kwamba mzee alikuwa akifanya kazi aliyoiamini. Mtu mmoja tu bomani alijua kanuni ya lile pambo, naye alikuwa mlangoni ameziba pua.